Rada, Honi na Usukani: Mkia wa Ndege Ndogo na Mtihani wa Istilahi

Kondele ikitajwa katika taarifa ya habari, aghalabu hutajwa pamoja na mawe, vitoa machozi na barabara iliyofungwa. Ni nadra mtaa huo wa Kisumu kutajwa kwa yale yanayotendeka humo siku ambazo hakuna maandamano, nazo ndizo siku nyingi. Anayeufuata mwendo wa barabara ya Kakamega kutoka katikati ya mji, akaliacha nyuma soko la Kibuye na ile hospitali kuu ambayo wakazi hadi leo huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, hulakiwa na sauti za nyundo, cheche za kuchomelea vyuma na harufu ya mbao iliyopasuliwa punde. Vitanda, milango, masanduku ya wanafunzi, majiko na matoroli huzaliwa hapo, kando ya barabara, bila mchoro uliopigwa muhuri na mtu yeyote.

Na aundwe, kwa ajili ya hoja tu, kijana mmoja wa mahali hapo. Ana umri wa miaka kumi na minane. Mchana humsaidia mjomba wake kutengeneza milango, na jioni hujenga ndege ndogo ya kuendeshwa kwa redio. Mwili na mabawa amevikata kutoka kwenye lile boya jeupe jepesi linalofungashiwa televisheni. Mota, betri na sevo mbili amezitoa katika vifaa vikuukuu vilivyokwisha kutupwa na wenyewe. Sasa amefika kwenye mkia, na mkia ndipo ndege za mfano huponea au hufia.

Makala haya yanashikilia kuwa kijana huyo, akiwa na kisu, gundi na spoki ya baiskeli, anawatahini wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili mtihani ambao wengi wao hawajaufanya. Swali la mtihani huo ni jepesi kulisema: kazi anayoifanya inasemwaje kwa Kiswahili, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukimbilia Kiingereza kila baada ya neno la tatu?

Kabla ya majina, ni vyema kazi yenyewe ieleweke, kwa maana istilahi nyingi mbovu hutungwa na watu wasiojua kitu wanachokipa jina. Mkia wa ndege ya kawaida una sehemu nne. Kuna ubao mwembamba uliolala, mfano wa bawa dogo, na nyuma yake kuna kipande kinachopanda na kushuka. Kuna ubao mwingine uliosimama wima, na nyuma yake kuna kipande kinachokwenda kushoto na kulia. Vile viwili vya mbele havitikisiki; kazi yake ni kuituliza ndege isiyumbe, sawa na manyoya ya mshale. Vile viwili vya nyuma ndivyo vinavyoiamrisha.

Fundi huanza na ubao uliolala. Hauambatishi kwa gundi mara moja. Hutia pini kwenye pua ya ndege, katikati barabara, akafunga uzi, kisha akaupima uzi huo hadi ncha ya kulia ya ubao na hadi ncha ya kushoto. Umbali ukitofautiana, ubao umekaa upande, na ndege itakwenda mrama daima kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Urefu ukilingana, husimama nyuma ya ndege, akafumba jicho moja, akatazama iwapo mkia na mabawa yamelala sambamba. Ndipo gundi ipakwe. Ubao wa wima hufuata, nao hupimwa kwa kona ya mraba ya seremala ili usimame digrii 90 juu ya ule uliolala.

Kisha zinakuja bawaba. Hapa Kiswahili kinatembea kifua mbele, kwa sababu neno lipo, ni la kila siku na kila seremala wa Kondele huzifunga bawaba milangoni. Bawaba za ndege ndogo hazitoki kwa muuza vyuma. Mafundi wengi wa ndege hizi duniani hutumia vipande vya plastiki nyembamba inayopindika bila kukatika, na kuna waliogundua zamani kuwa ule utando mweusi ulio ndani ya diski za kompyuta za inchi tatu na nusu unafaa kabisa. (Ni faraja kujua kuwa diski zile, zilizobeba tasnifu za watu kisha zikazimeza, zina kazi nyingine duniani.) Mfuo mwembamba huchanjwa katikati ya unene wa kila ubao, nusu ya kipande cha plastiki ikaingia upande huu na nusu upande huu. Ukingo wa mbele wa kipande kinachocheza hukatwa hanamu, ili kipande kipate nafasi ya kupanda na kushuka bila kugota. Yote hujaribiwa kwanza pasipo gundi. Nafasi iliyobaki kati ya ubao na kipande ikiwa pana mno, upepo hupenya humo, amri hudhoofika, na mwendo ukizidi kipande huweza kupapatika hadi kikang'oka.

Mwisho ni kuunganisha sevo na vipande hivyo. Spoki iliyonyoshwa hutoka kwenye mkono wa sevo hadi kwenye kijimkono kidogo chenye matundu kilichogundishwa juu ya kipande kinachocheza. Tundu lililo karibu na bawaba huzidisha mchezo wa kipande. Tundu lililo mbali huupunguza. Anayeanza hushauriwa kuanza na tundu la mbali, kwa kuwa ndege inayotii kupita kiasi humshinda mgeni kuliko ndege bishi. Hatimaye hufanywa jaribio ambalo halina budi kufanywa ardhini. Fimbo ya rimoti ikivutwa upande wa mwenye kuishika, ukingo wa nyuma wa kile kipande kilicholala sharti upande juu. Ukishuka, sevo imegeuzwa, na safari itadumu sekunde chache tu.

Sasa yaje majina. Mtu mvivu atasema: vyote hivi vina majina ya Kiingereza, yatoholewe, mambo yaishe. Utohozi ni njia halali na hakuna sababu ya kuukimbia. Rimoti, betri, mota na sevo zimo katika makala haya bila kuombewa radhi. Lakini mkia huu una adabu ya kipekee ya kuwaaibisha watohozi. Kile kipande cha wima kinachocheza, Kiingereza chake kikitoholewa kwa kanuni za sauti za Kiswahili, huwa "rada". Nayo rada tayari ipo kamusini na viwanja vya ndege: ni chombo cha kuzitambua ndege kwa mawimbi. Nahau ya mtaani imelichukua neno hilohilo, na kijana wa Kondele akisikia "rada" hudhani anaamkiwa. Ndege moja, basi, itakuwa na rada inayotazama na rada inayogeuza, na rubani atakayeambiwa rada imeharibika itambidi aulize ni ipi kabla hajajua aombe nini.

Tafsiri sisisi nayo haina nafuu. Kile kijimkono chenye matundu kwa Kiingereza kina jina la pembe ya mnyama, jina hilohilo wanaloitia king'ora cha gari. Mfasiri aliyeketi na orodha, mbali na karakana, ataandika "pembe ya kudhibiti". Mwenzake aliyechoka zaidi ataandika "honi". Na barabara ya Kondele, yenye bodaboda zake, ina honi za kutosha. Kipande kilicholala nacho, kwa Kiingereza, kinashiriki jina na mashine ya kupandishia watu ghorofani, hivyo anayetafuta katika kamusi hukutana na lifti ya jengo. Wapo watakaopendekeza "kinyanyuzi" au "kiinuzi". Umbo la maneno hayo ni zuri, ila maana yake inadanganya. Kipande hicho kinapopanda, upepo unaokipiga huusukuma mkia chini, na kwa kuwa mkia umeshuka, pua hupanda, sawa na ubao wa pembea. Kikishuka, mkia huinuka na pua huinama. Kunyanyua ni nusu tu ya kazi yake, na hata nusu hiyo huifanya kwa kushusha.

Wanafunzi wa istilahi hukariri vigezo vya K. B. Kiingi, yule msomi wa Uganda, kwa kifupisho cha PEGITOSCA, wakavitapika kwenye karatasi ya mtihani na kuvisahau getini. Humo mna usahihi, mna uwazi wa maana, mna ulazima wa istilahi za uwanja mmoja kuunda mfumo. "Rada" imeanguka kwa usahihi, "honi" kwa uwazi, na "kinyanyuzi", hata kikisamehewa mengine, kimeanguka kwa mfumo, kwa sababu hakionyeshi udugu wowote na mwenzake wa wima ilhali vitu vyenyewe ni ndugu wa tumbo moja.

Jawabu lipo, na halitoki mbali. Waswahili waliviendesha vyombo katika upepo na maji kwa karne nyingi kabla ya ndege yoyote kuruka. Jahazi lina omo mbele na tezi nyuma, na nyuma huko huning'inia usukani, yaani ubao unaocheza kwa bawaba zake, ukayagonga maji yapitayo na kuigeuza tezi upande mmoja ili omo iende upande wa pili. Kichwani mwa usukani pana mkono anaoushika mwenye kuendesha chombo. Mkono huo una jina, nalo ni kana. Msomaji aliyeufuata mkia wa ndege tangu mwanzo amekwisha kuona mambo yanakokwenda. Kipande cha wima ni usukani, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Kijimkono chenye matundu ni kana, kwa umbo na kwa kazi. Anayeliita pembe amefanya safari ndefu hadi London kutafuta kitu kilichoachwa gatini Lamu.

Itapingwa kuwa usukani siku hizi ni ule mduara ulio mbele ya dereva. Ni kweli, na historia ya neno hilo inastahili tasnifu nzima ya shahada ya uzamili. Neno lilihama kutoka kwenye ubao unaogonga maji, likaja mkononi mwa anayeamrisha, pindi magari yalipofika. Lakini neno kupata maana mpya hakuifuti maana ya awali. Mabaharia wa pwani hawakuutupa usukani wao majini kwa kuwa kuna matatu barabarani. Isitoshe, ndege iliitwa "ndege" kwa kulipanua neno la kiumbe, na hakuna aliyechanganyikiwa, kwani sarufi yenyewe ilitoa hukumu: ndege huyu ana manyoya, ndege hii ina injini. Wajaluo wanaomzunguka kijana wetu wa Kondele walilitatua jambo hilo kwa njia yao. Waliazima "ndege" kwa ajili ya mashine peke yake, wakamwachia yule wa manyoya jina lake la asili, winyo. Neno la Kiswahili limepata usahihi zaidi katika lugha ya jirani kuliko nyumbani kwake.

Nacho kile kipande kilicholala? Kiitwe usukani pia. Wenye shaka wawatazame wenyewe walioivumbua ndege. Ndugu Wright, katika hataza yao ya Marekani ya mwaka 1906, walizungumza juu ya usukani wa mlalo na usukani wa wima. Neno lilikuwa moja, na tofauti ilikuwa ya mkao tu. Wajerumani hawajaiacha njia hiyo: kwao kipande kilicholala ni Höhenruder, usukani wa kimo, na kile cha wima ni Seitenruder, usukani wa upande. Wafaransa nao huzungumzia usukani wa kina. Ni Kiingereza kilichohama njia, na si lazima Kiswahili kihame nacho. Usukani wa kimo na usukani wa upande ni istilahi mbili zinazojieleza, zinazotangaza udugu wao, na ambazo seremala wa Kondele atazielewa siku ya kwanza.

Kwa zile mbao mbili zisizotikisika, ziwa lenyewe linatoa jina. Samaki ana pezi. Ngege na sangara wanaopakuliwa ufukoni Dunga wana mapezi ya kuwatuliza wasipinduke majini. Ubao wa wima ni pezi la mkia, na ule uliolala ni bawa la mkia. Ile spoki inayosukuma na kuvuta ni ufito, neno la wajenzi wa nyumba za udongo, wajuao fito kuliko profesa yeyote.

Pana pingamizi lingine lenye uzito zaidi, nalo halifai kupitwa mbio. Mtu wa Kisumu si mtu wa Lamu. Kana na hanamu ni maneno ya pwani. Kwa mwanafunzi wa Nyanza yanaweza kuwa mageni kuliko hayo ya Kiingereza, na kuyaleta kwa jina la "Kiswahili asilia" kunaweza kuwa namna nyingine ya kumwambia kuwa lugha ina wenyewe na yeye si mmoja wao. Chuki ya aina hiyo imekidhuru Kiswahili cha bara kwa miaka mingi. Ila tofauti ipo. Kana halipendekezwi kwa sababu ya nasaba yake. Linapendekezwa kwa sababu ni fupi, halina kazi nyingine inayogongana nayo angani, na linataja kitu hasa. Fundi wa Kondele akiwa na neno lililo bora, lipewe lake nafasi. Istilahi za uchumi wa Kenya zilijifunza somo hilo kutoka kwa mafundi wenyewe: "jua kali" lilizaliwa na watu waliofanya kazi bila paa, nalo liliingia katika kichwa cha Waraka wa Bunge Nambari 2 wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogondogo. "Bodaboda" lilizaliwa mpakani Busia, kwenye baiskeli. Hakuna kamati iliyoketi kwa ajili ya lolote kati ya hayo.

Hapo ndipo lawama inapowafikia wasomi. Neno "warsha" kwa Kiarabu hutaja hata gereji ya fundi. Katika Kiswahili cha vyuo vikuu warsha imehamia hotelini: ina chai ya saa nne, beji ya shingoni, na orodha ya maneno mia mbili ya Kiingereza yanayosubiri ndoa za mkeka. Karakana imeachiwa grisi. BAKITA iliundwa mwaka 1967, na kamusi za istilahi za sayansi zilizotoka Dar es Salaam ni kazi ya kuheshimiwa; mradi wa Kilinux uliozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulionyesha kuwa hata kompyuta inaweza kusema Kiswahili. Lakini mbinu inayorudiwa na wengi ni ileile ya kuanza na neno la kigeni na kulitafutia mchumba. Nadra ni mtafiti aliyeanza na kitu, akakaa kando ya anayekishika, akaandika anachokisikia. Tasnifu juu ya tamathali katika riwaya zinajaa rafu. Tasnifu juu ya lugha ya maseremala wa Kibuye hazigombaniwi.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya kuchezea watoto. Ndege zilishuka kwenye Ziwa Viktoria tangu mwaka 1931, wakati Imperial Airways ilipoanza safari zilizopitia Kisumu hadi Mwanza kwa ndege za kutua majini, na wenyeji waliachiwa jukumu la kutazama tu. Mwaka 2018, chombo kisicho na rubani cha Wingcopter, katika majaribio ya pamoja na DHL na shirika la Ujerumani la GIZ, kilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilomita 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Vyombo vya namna hiyo vinahitaji watu wa kuvifungua, kuvikagua na kuvifunga tena. Watu hao watatoka wapi iwapo si katika mitaa kama Kondele? Kanuni za Kenya za ndege zisizo na rubani, za mwaka 2020, zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010, ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Kijana anayetaka kuirusha ndege yake katika mji wenye uwanja wa kimataifa hana budi kujua anaruhusiwa wapi na kwa idhini ya nani, na afadhali ayajue hayo kwa lugha anayoweza kubishana nayo.

Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi wa Kiswahili kuwa lugha hii inaweza kubeba sayansi yote, kisha asimwonyeshe hata bawaba moja, anadai deni bila hati. Safari za masomo za vyama vya wanafunzi huelekea pwani karibu kila mwaka, na hakuna ubaya. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ila safari moja tu ikielekea Kondele, na kila mwanafunzi akapewa daftari, saa tatu na fundi mmoja wa kumsikiliza, itarudi na maneno ambayo warsha kumi za hotelini hazijayapata.

Lipo tayari neno moja la kuanzia. Ile nafasi nyembamba kati ya ubao na kipande kinachocheza, ambayo ikizidi usukani hupapatika, haijapewa jina katika makala haya. Mwanya ni neno pana mno, ufa ni wa kitu kilichoharibika, na upenyo una sura ya tundu. Nafasi hiyohiyo ipo kati ya kila mlango na fremu yake, na maseremala wa Kibuye huipima kila siku kabla ya kufunga bawaba. Aulizwe mmoja wao anaiitaje.